Brashi Iliyosugua Alfajiri

Kwaruu, kwaruu, to. Kwaruu, kwaruu, to.

Mama Pasi aliinua uso kutoka kwenye shuka alilokuwa akilinyunyizia maji. Sauti ilitoka juu, upande wa pili wa dari ya mbao ya chumba cha kufulia. Mvua ilikuwa imekatika ghafla, kwa hiyo aliisikia vizuri. Brashi ilivutwa juu ya ubao mara mbili, kwa mvuto mrefu, kisha ikagongwa mara moja. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika arobaini.

Aliijua sauti ile kuliko alivyoijua sauti yake mwenyewe. Alikuwa mumewe akifanya kazi. Na mumewe alikuwa kaburini, mwaka wa kumi na mbili sasa.

Nyumba nzima ilimwita Mzee Brashi. Kwa miaka thelathini na moja alisugua sakafu za nyumba ile kwa brashi iliyofungwa mguuni kwa mkanda wa ngozi. Alikuwa akivuta mara mbili, halafu anagonga kisigino ili mabaki ya nta yaanguke. Alipokufa, kazi ya mguu ilikufa naye. Fundi wa sasa alitumia brashi yenye mpini mrefu.

Mama Pasi hakupiga kelele. Aliweka kopo la maji mezani, akasema taratibu kuelekea darini, "Umerudi, mzee wangu?"

Brashi ikavuta mara mbili, ikagonga, ikanyamaza.

Hata hofu haikumshika. Alisimama mkono kifuani, kama mtu aliyefika nyumbani gizani akakuta taa imeshawashwa.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano, mlango wa nyuma ulifunguka akaingia Fundi, gunia kichwani, viatu vimelowa.

"Shikamoo, mama. Leo umewahi kuliko jogoo."

"Marahaba, mwanangu. Mashuka ya jana hayakukauka, nikasema nisilale na deni la kazi. Kwani wewe hukuwa juu?"

"Juu wapi? Ndiyo kwanza naingia." Alimtazama, akaona uso wake. "Mama, umeota?"

Hakungoja jibu. Aliona beseni la mashuka mabichi sakafuni, akaliinua na kulipandisha mezani ili mgongo wa mama usihangaike. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Mikono yake ikiachilia beseni, ndipo kishindo kikatokea ukumbini. Pigo moja, la pili, la tatu, kisha funguo zikalia juu ya marumaru, kisha kimya.

Walimkuta Bi Mkubwa, mwenye nyumba, chini ya ngazi, shingo imepinda, macho wazi. Ndara moja ilikuwa mguuni, nyingine imebaki juu. Saa ya ukumbini ilikuwa ikipiga saa kumi na moja kamili, saa ambayo kila siku alishuka mwenyewe kufungua mlango wa mbele. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo hata siku alipokuwa na homa.

Nyumba ile ilijengwa enzi za wakoloni. Ilikuwa ya ghorofa mbili, dari ndefu, milango mizito inayolia kama ng'ombe. Bi Mkubwa aliirithi ikiwa karibu kuanguka. Miaka mitatu iliyopita binti wa kaka yake alirudi kutoka masomoni, akavaa suruali ya kazi na kuanza kuikwangua rangi mlango kwa mlango, mpaka ikawa hoteli ndogo ya vyumba vinane. Huyo ndiye Chiriku. Mzee Brashi alimpa jina hilo tangu utotoni kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alikuwa yatima, shangazi alikuwa mkali, kwa hiyo chumba cha kufulia ndicho kilichomlea. Mama Pasi alimsuka nywele, alimtoa miiba, alimfundisha kula bila kulamba vidole.

Sasa Chiriku alikuwa amepiga magoti ukumbini kwa nguo za kulalia, akiita, "Shangazi! Shangazi!" Mama Pasi alimfunika mabega kwa shuka lililo karibu.

Inspekta alifika saa mbili kasorobo. Alikuwa mtu mzima mwenye mafua. Kabla ya kuingia alipangusa viatu vyake mara mbili mlangoni, na Mama Pasi alilitia jambo hilo akilini. Si kila askari hukumbuka kwamba sakafu ina mtu wake.

Alipanda juu, akainama kwenye kibaraza, yaani kile kisakafu cha mbao kilicho juu kabisa ya ngazi. Alipitisha kidole.

"Nani anaweza kunieleza habari ya nta hii?"

"Mimi naweza," alisema Mama Pasi. "Kibaraza hupakwa nta kila Jumamosi. Lakini ubao huu wa mwisho, unaogusana na ngazi, haupakwi abadani. Ni maji matupu. Ni sheria ya nyumba hii tangu wazungu."

"Leo ni Jumatano. Na umepakwa."

"Naona, mwanangu."

"Umepakwa ukasuguliwa, uonekane kama ulivyokuwa. Hata nyayo za ndara yake zina nta."

Ukutani, kando ya kibaraza, Chiriku alikuwa ametundika vitu vya zamani ili wageni wavione: taa ya mafuta, pasi ya mkaa, na brashi ya Mzee Brashi yenye mkanda wake wa ngozi. Mama Pasi aliitazama brashi ile kwa jicho la pembeni. Alikuwa akiifuta vumbi kila Jumatatu na alijua kila mkunjo wake. Mguu wa mumewe ulikuwa mpana, akifunga mkanda kwenye tundu la nje kabisa, na kwa miaka yote bizimu, kile chuma cha kufungia, ilibaki hapo hapo. Leo bizimu ilikuwa imeingia ndani matundu matatu, kama kwa mguu mwembamba.

Aligeuza uso, akaitazama taa ya mafuta.

Wageni walijaa sebuleni na chumba cha chakula, kwa hiyo Inspekta aliomba chumba cha kufulia ahoji watu humo.

"Nikiacha pasi mikono inatetemeka," Mama Pasi alimwambia.

"Endelea tu, mama. Mimi nimezoea kusoma mafaili karibu na cherehani ya mke wangu." Akamsogezea kigoda cha kupumzikia, akaketi.

Wa kwanza alikuwa Fundi.

"Kopo la nta hukaa wapi?"

"Kabatini kwangu, afande."

"Ufunguo?"

"Kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila mtu anaujua."

"Kila mtu, au wewe? Jana mchana Bi Mkubwa alikwambia nini mbele ya watu?"

Fundi alitazama mikono yake. "Kwamba nyumba inauzwa na mwisho wa mwezi nitafute kwingine."

"Ukamjibu?"

"Nilisema siku moja ataikumbuka mikono hii. Afande, nilikuwa na uchungu! Mke wangu yuko karibu kujifungua. Mtu akiumwa na siafu huchagua maneno?"

"Alikuwa hapa nami kishindo kilipotokea," Mama Pasi alidakia.

"Mama, nta haikupakwa wakati wa kishindo. Ilipakwa kabla. Ana ufunguo wa mlango wa nyuma. Angeweza kuingia, kupaka, kutoka, kisha kurudi na kukuamkia. Wewe ulisikia chochote kabla hajaja?"

Pasi ilisimama juu ya foronya. Angesema nini? Kwamba amemsikia marehemu? Na kama hakuwa marehemu, alikuwa nani?

"Masikio ya uzee haya," alisema.

Uongo ule ulimchoma kuliko mvuke wa pasi.

Wa pili alikuwa mgeni wa chumba namba nne, mwanamume mnene aliyekuja kununua nyumba. Tangu Jumapili alikuwa akipima kuta kwa futi ya chuma, mpaka wafanyakazi wakambatiza Bwana Futi.

"Ulirudi saa ngapi jana?" Inspekta aliuliza.

"Saa nne usiku. Nilipanda ngazi hizo hizo, na kwa mwili huu, kama kungekuwa na nta mngeokota vipande vyangu. Nilikuwa wa mwisho kuingia, muulizeni mlinzi."

"Kwa hiyo nta ilipakwa baada ya saa nne. Na aliyepaka alijua nani hushuka wa kwanza. Ulikuwa na ugomvi na Bi Mkubwa?"

"Ugomvi? Tulikuwa tunatia sahihi leo saa tatu! Sasa naambiwa nisubiri mirathi. Miezi, labda miaka. Kifo hiki kimeniharibia kila kitu, bwana."

"Ungeifanya nini nyumba?"

"Ningebakiza ukuta wa mbele. Ndani ningevunja. Mbao zote hizi ni chakula cha mchwa."

Mama Pasi alikunja foronya, akaikunjua, akaikunja tena.

Wa tatu alikuwa Chiriku. Macho yalikuwa yamevimba. Hata katika hali ile alikuja na kikombe cha chai, akakiweka karibu na mkono wa Mama Pasi. "Hujanywa kitu, mama." Kisha akamgeukia Inspekta.

"Nilikuwa usingizini. Niliamshwa na kishindo."

"Ulikubaliana na mauzo?"

"Nyumba ilikuwa yake. Alikuwa na haki."

"Nta ya sakafu inapakwaje hapa?"

"Hayo muulize Fundi," Chiriku alisema, akipangusa pua. "Mimi ni wa rangi na milango. Nta sijawahi kuigusa maishani mwangu."

Mama Pasi aliinamisha uso juu ya shuka. Machoni mwake alikuwa anakiona kitoto cha miaka saba, Jumamosi asubuhi, brashi ya viatu imefungwa mguuni kwa utepe, kikimfuata Mzee Brashi nyuma kama kifaranga. *Mara mbili, kisha gonga, Chiriku. Mara mbili, kisha gonga.* Kilikuwa kikirudi kwake kikinuka nta mpaka kwenye nyusi.

Chai ilikuwa tamu, sukari mbili, vile vile anavyoipenda. Aliirudisha mezani.

Saa tano Fundi alitiwa pingu. Hakupigana. Alipopita mlangoni aligeuka akasema, "Mama, lile beseni la pili usilinyanyue peke yako. Mwite mlinzi."

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Alisimama na pasi mkononi mpaka shuka likaungua alama ya kahawia. Kwa miaka arobaini hakuwahi kuunguza kitambaa. Aliichomoa pasi, akamfuata Inspekta ukumbini.

"Mwanangu, nilikudanganya."

Inspekta alikunja leso yake. "Nilijua kuna kitu. Pasi yako ilisimama mara mbili. Mara ya kwanza nilipokuuliza ulisikia nini. Mara ya pili yule binti alipozungumzia nta."

Mama Pasi alimweleza yote: mvua, saa kumi na dakika arobaini, mivuto miwili na kugonga, bizimu ya mkanda, kitoto cha Jumamosi. Inspekta hakucheka hata alipofika kwenye kaburi.

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Kwa sababu nilitaka awe yeye. Miaka kumi na miwili sijaisikia kazi yake. Nikikwambia wewe, basi si yeye tena. Ni mtu. Na mtu mwenyewe namjua."

"Mahakama haisikilizi mizimu, mama. Wala kumbukumbu za utotoni peke yake. Lakini unaweza kuitambua sauti hiyo bila kumwona anayeifanya?"

"Kama ninavyotambua harufu ya kitambaa kilichoungua."

Saa tisa alasiri kila kitu kilikuwa tayari. Inspekta aliwakusanya juu kwenye kibaraza Fundi, Bwana Futi na Chiriku. Aliwaambia kwamba brashi ya ukutani ina nta mbichi, na kwamba kila mmoja ataivaa na kusugua mpaka aambiwe basi. Ubao wa mwisho ulikuwa umefunikwa kwa gunia. Mama Pasi alikuwa chini, chumba cha kufulia, mlango umefungwa, askari wa kike kando yake na karatasi. Hakuna aliyemwambia nani ataanza.

Wa kwanza juu ya dari alisugua kwa nguvu na haraka, kwaru kwaru kwaru kwaru, kama mtu anayefukuza mende.

"Siye," alisema Mama Pasi. Askari akaandika.

Wa pili alivuta mara moja, akateleza, ukuta ukalia bum! na sauti nene ikasikika ikilaani waliobuni mbao. Askari aliuma mdomo asicheke.

"Siye."

Wa tatu alianza. Mvuto mmoja. Kimya. Mivuto mitatu. Kimya. Mmoja tena. Hatua za mtu asiyejua anachofanya, au anayejua sana.

Mama Pasi alishika ukingo wa meza. *Usijue,* aliomba kimoyomoyo. *Mwanangu, usijue.*

Lakini Inspekta alikuwa mvumilivu. Sauti yake ilisikika kupitia mbao: "Endelea, binti. Bado kona ile. Endelea." Dakika moja ikapita, ya pili, ya tano. Na mwili ukichoka kudanganya hurudi ulikofunzwa. Mivuto ikaanza kurefuka, ikapata mahali pake, kama maji yanayotafuta mfereji.

Kwaruu, kwaruu, to.

Kwaruu, kwaruu, to.

Chumba kikawa baridi. Kwa pumzi tatu, Mama Pasi aliisikiliza kazi ya mumewe ikipita juu ya kichwa chake kutoka dirishani kuelekea ngazini, kwa ustadi na subira. Nusu ya moyo wake iliomba isikome.

"Huyo," alisema.

Alipanda ngazi mwenyewe, akishika reli. Chiriku alikuwa bado amesimama, mguu ndani ya brashi. Bwana Futi alikuwa amekaa sakafuni akisugua kiwiko. Fundi alikuwa ukutani na pingu zake.

"Umefunga mkanda bila kutazama," Inspekta alimwambia Chiriku. "Fundi amehangaika nao. Huyu bwana haukumtosha hata kwenye tundu la nje. Wewe uliuingiza mguu, bizimu ikarudi tundu lile lile la asubuhi. Na ulisema nta hujawahi kuigusa."

Chiriku hakumtazama. Alimtazama Mama Pasi.

"Ulikuwepo tangu saa kumi?" alinong'ona. "Nilidhani umeingia na Fundi. Wewe huingia saa kumi na mbili."

"Leo niliwahi."

"Ulisikia nini, mama?"

"Nilimsikia mzee wangu. Sikujua kwamba yumo miguuni mwako."

Ndipo Chiriku akakaa chini, pale pale, na maneno yakamtoka kama maji ya mtungi uliopasuka.

"Miaka mitatu, mama! Milango kumi na tisa nimeikwangua kwa kucha hizi. Nilimpigia magoti. Akasema amechoka, nyumba ni matofali tu. Matofali! Mimi sina mama, sina baba, nina sakafu hii. Leo saa tatu angetia sahihi na huyu angevunja kila kitu. Nilitaka ateguke mguu. Mguu tu, wallahi. Apelekwe hospitali, sahihi iahirishwe, nipate siku mbili za kumbembeleza tena."

"Mtu wa miaka sabini na minne, juu ya ngazi ishirini na mbili," alisema Inspekta.

"Sikuzihesabu."

"Na Fundi?" Mama Pasi aliuliza. Sauti yake haikupanda. "Mkewe ana mimba ya miezi minane. Ulimwona akifungwa pingu."

"Nilidhani watasema ni ajali. Walipomchukua nilifungua mdomo, mama. Hakikutoka kitu."

"Hata mimi hakikutoka kitu. Nilikaa na ulimi wangu tangu alfajiri mpaka saa tano." Aligeuka kwa Fundi. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuacha ubebe kisicho chako."

Fundi alikuwa akifunguliwa pingu. Alisugua vifundo vya mikono. "Kusema umesema, mama," alijibu. "Wengine hawasemi kabisa."

Mama Pasi alipiga magoti kwa taabu, akafungua bizimu, akautoa mguu wa Chiriku kwenye brashi. Ulikuwa mwembamba na baridi. Akautafutia kiatu, akamvisha, kwa sababu asingeacha mtoto aende barabarani bila viatu. Kisha Inspekta akamchukua.

Hoteli ilifungwa ikingoja mirathi. Fundi alipata kazi shule moja ya jirani, na mkewe akajifungua salama. Mama Pasi alikaa nyumbani wiki tatu bila kwenda popote. Watu walimwambia amefanya vyema, wengine wakamwambia mtoto wa kulea mwenyewe hapelekwi polisi. Aliwaitikia wote, "Ndiyo," akafunga mlango.

Jumatano ya wiki ya nne alipanda basi mpaka mahabusu ya wanawake. Alikuwa na sabuni, mafuta ya nywele na blauzi mbili alizozipiga pasi. Askari wa zamu alipekua kifurushi, akaona zilivyokunjwa, na badala ya kuzivuruga akazirudisha mkunjo kwa mkunjo. Mama Pasi alimwombea heri kimya kimya.

Chiriku alikuja akaketi ng'ambo ya meza. Nywele zilikuwa zimesokotana.

"Wanasema kesi itaanza mwezi ujao," alisema.

"Nimeambiwa."

"Utakuja kutoa ushahidi?"

"Nitakuja. Nitasema nilichosikia, na nitasema pia nani alikulea. Yote mawili ni kweli."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. "Usiku namwona shangazi. Hasemi kitu. Anasimama na funguo zake, ananitazama kama anangoja nimpishe njia."

"Basi mpishe. Muombe radhi, umpishe. Mimi pia nina wangu ninayempisha."

Alimwambia asogee, na askari akageuza uso kana kwamba kuna kitu dirishani. Mama Pasi akachota mafuta, akaanza kuchambua nywele zile taratibu, fungu kwa fungu, kutoka nchani kuelekea shinani ili zisiume. Alikuwa amefika nusu ya kichwa kengele ilipolia.

"Muda," alisema askari kwa upole.

Mama Pasi alifuta vidole, akachukua mkoba wake tupu. Alikuwa ameshafika mlangoni Chiriku alipoita. Mdomo ule ambao zamani haukupumzika sasa ulitafuta neno moja moja.

"Mama. Upande huu bado hujaumaliza." Alishika nywele zake zisizochanwa. "Si lazima tuongee. Jumatano ijayo utakuja tena?"